Lyon, mtaa wa kale: nile wapi chakula cha kisasa cha bei ya kati bila kupigwa?

Mama_Darubini ameuliza:

Wakuu, habari za saa hizi.

Mwezi ujao nitakuwa Lyon, Ufaransa, kwa mafunzo ya maabara pale Gerland, kwenye lile eneo la taasisi za afya za kimataifa. Ratiba imetubana kweli, ila Jumatano tumeachiwa kuanzia saa tano asubuhi, na Jumamosi yote ni yangu. Hoteli inatoa kifungua kinywa tu. Mengine ni posho na akili yako.

Nimesoma sana kuhusu Vieux Lyon, ule mtaa wa kale chini ya kilima cha Fourvière, kando ya mto Saône. Picha zimenimaliza: nyumba za rangi ya waridi na udongo, vichochoro vinavyopita ndani ya nyumba za watu na kutokea mtaa wa pili. Kutembea nitatembea. Ninapokwama ni kwenye kula. Nikitafuta mtandaoni naletewa vitu viwili tu: ama hoteli za nyota za Michelin, kile kitabu cha kampuni ya matairi kinachopima mikahawa, ambazo mlo mmoja unameza posho ya siku nne, ama orodha za "vyakula vya asili vya Lyon" ambapo kila picha ni utumbo, soseji na vitambaa vya mezani vya mirabaraba myekundu.

Mimi nataka cha katikati. Mkahawa mdogo, mpishi kijana au mzee sijali, chakula cha sasa kilichofikiriwa, sahani safi, na niwe nimekaa ndani ya hayo majengo ya kale. Mchana naweza kutoa yuro 25 hivi, jioni nikijikaza 40. Situmii nguruwe wala pombe, hata ikiwa imefichwa kwenye mchuzi. Kifaransa changu ni cha salamu na kuomba msamaha.

Je, kitu hicho kipo Vieux Lyon, au nimejitungia? Na nikiwa nimesimama nje ya mlango, nitaujuaje mkahawa wa kweli na ule wa kuwakamua wageni?

Naomba kuwasilisha.

---

Mzee_wa_Begi:

Dada, nilipita hapo kwa kazi. Mtaa mzuri, chakula masikitiko. Niliketi rue Saint-Jean, barabara kuu ya pale, nikaletewa samaki wa mviringo kwenye mchuzi wa rangi ya chungwa, juu unachemka na katikati ni barafu. Jirani yangu mezani aliagiza kitu kingine kabisa, kikaja na mchuzi uleule.

Ushauri wangu: piga picha Vieux Lyon, kisha panda metro D vituo viwili ushuke Guillotière. Huko kuna Waarabu, Wavietnamu, Waafrika wenzetu, bei ya kibinadamu na halali ipo wazi mlangoni. Mengine ni mbwembwe.

---

Kisu_na_Ubao:

Mzee wangu, samaki wako wa mviringo ni quenelle, donge la samaki aina ya pike lililopondwa na kuchanganywa na unga, mayai na siagi, na huo mchuzi wa chungwa ni wa kambamto. Ikitengenezwa vizuri inafura kama andazi na kuyeyuka mdomoni. Wewe uliletewa ya kiwandani iliyopitishwa kwenye maikrowevu. Pole, lakini usiuhukumu mtaa mzima kwa sahani ile.

Dada Mama_Darubini, karibu. Mimi naishi Lyon na kazi yangu ni jikoni. Nilianzia kwenye sinki la vyombo, sasa nimekabidhiwa jiko la nyama na samaki kwenye mkahawa wa ukubwa wa sebule. Jikoni za Vieux Lyon nimezipitia kabla ya hapa nilipo. Nitakueleza jinsi mambo yanavyoonekana ukiwa upande wetu wa mlango.

Unachokitafuta kipo. Ila kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu, basi kula mchana, na kula siku ya kazi. Hiyo Jumatano yako ina thamani kuliko Jumamosi.

Sababu si siri. Wafanyakazi wengi wa Ufaransa wanapewa na mwajiri vocha za chakula, siku hizi ziko kwenye kadi, na tangu Oktoba 2022 kikomo cha kutumia kwa siku ni yuro 25. Mkahawa unaotaka kujaza meza saa sita na nusu mchana na watu wa ofisini lazima uweke mlo ndani ya kikomo hicho au karibu yake. Kwa hiyo utakuta ubao umeandikwa kianzio na mlo mkuu, au mlo mkuu na kitindamlo, kwa yuro 20 hadi 27. Jioni mkahawa uleule utakuuzia vyakula vya mikono ileile kwa 38, 45, hata zaidi. Anayekaanga ni mimi mchana na ni mimi usiku. Kilichobadilika ni idadi ya vikolombwezo kwenye sahani na taa zilizopunguzwa mwanga.

Kuna jambo la ndani zaidi. Mtu wa ofisini akilishwa vibaya leo, kesho harudi, na atawaambia wenzake kumi. Mtalii akilishwa vibaya, kesho yuko kwenye treni ya Paris. Mkahawa unaoishi kwa wale wa kwanza hauwezi kulala. Ukitaka kujua mkahawa unaishi kwa nani, chungulia ndani Jumatano saa saba mchana: ukiona watu wenye vitambulisho vya kazi shingoni, wanaokula haraka na kuitana kwa jina na mhudumu, ingia.

Sasa kuhusu majengo, maana ndiyo yanayofanya mtaa huu uwe na tabia yake. Vieux Lyon ilinusurika. Meya wa zamani, Louis Pradel, alikuwa na mipango ya kupitisha barabara katikati ya mtaa, wakazi wakakataa, na mwaka 1964 ukawa mtaa wa kwanza Ufaransa kulindwa kwa ile sheria ya 1962 ya waziri André Malraux. Mwaka 1998 UNESCO nao wakaiweka Lyon ya kale kwenye orodha yao. Vizuri sana kwa macho yako. Kwa mpishi ni habari nyingine. Hutoboi ukuta wa karne ya 16 upendavyo, hupandishi bomba la moshi mbele ya nyumba, hupanui mlango. Jikoni linabaki palepale lilipokuwa: nyuma ya ngazi, au chini kwenye handaki la mawe lenye dari la tao ambalo mrefu kama mimi anainama siku nzima. Friji ziko ghorofa ya chini, jiko ghorofa ya juu, na ngazi ni za kuzunguka kama konokono. Nimebeba masufuria ya supu kwenye ngazi hizo, nazijua kwa magoti.

Matokeo yake ni haya: jikoni la kweli la Vieux Lyon haliwezi kupika vyakula arobaini. Halina pa kuviweka. Lina wapishi wawili, pengine watatu, na uso wa meza wa kazi usiozidi mlango uliolazwa. Kwa hiyo mkahawa wa kweli una vianzio vitatu, milo mikuu mitatu, vitindamlo viwili au vitatu, na vinabadilika. Ukiona menyu ndefu yenye picha, bendera za nchi sita, supu ya vitunguu, pizza, salmoni na ice cream kumi, jua nyuma kuna mifuko ya plastiki ya chakula kilichopikwa kiwandani, na mkasi wa kuifungulia.

Ile barabara ya Mzee_wa_Begi, rue Saint-Jean, siisemi vibaya yote, lakini kodi yake ni ya mtaa wa watalii na mingi ya mikahawa yake imejipanga hivyo. Wewe ingia mtaa wa nyuma, rue du Bœuf, unaokwenda sambamba nayo upande wa kilima. Ukipenda pita kwa ndani: kuna kichochoro kinachoingilia namba 54 rue Saint-Jean na kutokea namba 27 rue du Bœuf, ndicho kirefu kuliko vyote mtaani. Sukuma mlango, pita kimya, watu wanaishi humo. Rue du Bœuf ina meza za nyota pia, kwa hiyo soma bei kabla moyo haujapenda. Upande wa kusini, ukishalipita kanisa kuu la Saint-Jean na kuendelea hadi Saint-Georges, makundi ya watalii yanapungua na mikahawa midogo ya vijana inaanza. Kaskazini, upande wa Saint-Paul, kuna rue Juiverie na vitaa vinavyoizunguka. Humo pia tembea taratibu.

Kusoma bei nje ni haki yako. Sheria inawataka waweke menyu na bei nje pale panapoonekana, mchana kuanzia saa tano na nusu na jioni kuanzia saa kumi na mbili. Simama, soma, ondoka. Hakuna anayekasirika, na anayetoka nje kukuvuta mkono uingie, huyo mkimbie.

Tafuta pia alama ya sufuria lenye kifuniko cha umbo la paa la nyumba. Ni alama ya "fait maison" iliyokuja mwaka 2014, maana yake chakula kimepikwa hapohapo kutokana na vitu vibichi. Haimaanishi hakuna kilichogandishwa, samaki mbichi aliyegandishwa anaruhusiwa. Lakini inaondoa ile mifuko niliyoisema.

Kuhusu nguruwe na pombe nitakuandikia baadaye, zamu inaanza.

---

Bwana_Risiti:

Mkuu Kisu, maelezo matamu lakini taja majina basi. Mtu anaenda Lyon na posho, anataka anwani, si darasa la ngazi. Na hizo yuro 25 zako, ukiongeza maji, mkate, kahawa, "huduma" na kodi, si zinafika 40? Nimeona picha za menyu za rue Saint-Jean hapo mtandaoni, vianzio, mlo na kitindamlo kwa yuro 17. Kwa nini asile hapo?

---

Kisu_na_Ubao:

Bwana_Risiti, nakujibu kwa hesabu kwa sababu jina lako linaonyesha unaipenda.

Chukua hizo yuro 17. Kodi ya chakula cha mezani ni asilimia 10 na imo ndani ya bei, ukiitoa unabaki na 15 na senti 45. Kanuni ya jikoni tunayofundishwa ni kwamba malighafi zisizidi thuluthi hivi, la sivyo unafunga. Hiyo ni yuro 5 kwa sahani tatu: kianzio, nyama, kitindamlo, pamoja na mkate. Thuluthi nyingine inaliwa na mishahara, na inayobaki inagombaniwa na mwenye nyumba, umeme na bima, kwenye barabara ya kodi kubwa kuliko zote mtaani. Hapo njia ya kupata faida ni kutokumlipa mpishi, yaani kutokuwa na mpishi: unanunua vilivyopikwa, unamweka mtu mmoja wa kupasha moto. Sasa rudi mtaa wa nyuma, mlo wa yuro 24 wa sahani mbili. Ukitoa kodi inabaki karibu 22, na thuluthi yake ni 7 na ushee kwa sahani mbili badala ya tatu. Tofauti hiyo ndiyo inayonunua samaki mzima mwenye macho angavu badala ya mraba uliogandishwa.

Kuhusu nyongeza, punguza wasiwasi. Ufaransa bei ya ubaoni ni ya mwisho, huduma na kodi zimo. Bakshishi ni hiari, ukiacha yuro moja au mbili watu wanashukuru, usipoacha hakuna anayenuna. Maji ya bomba ni bure kisheria, lakini uyaombe kwa jina lake: "une carafe d'eau", yaani jagi la maji. Ukisema "maji" tu, mhudumu mjanja atakuletea chupa ya yuro 6. Mkate unakuja wenyewe na hulipii. Kahawa ndiyo inalipiwa, yuro 2 na kitu. Kwa hiyo mlo wa 24 unaishia 24, au 27 na kahawa.

Majina sitoi kwa hiari kwa sababu mbili. Mikahawa ya aina hii inamtegemea mpishi, si jina. Mpishi akihama, ubao unabaki na ladha inaondoka naye, na humu mtandaoni ushauri wa miaka mitatu iliyopita bado unasomwa kama wa jana. Na pia mimi naajiriwa mjini hapa, sitaki kuonekana natangaza au nachafua jikoni za wenzangu. Lakini kuna orodha ya Michelin isiyo ya nyota, inaitwa Bib Gourmand, alama ya uso wa yule jamaa wa matairi akijilamba midomo. Inatolewa kwa chakula kizuri kwa bei ya wastani, na inapitiwa kila mwaka. Fungua tovuti yao, chagua Lyon, chagua Bib Gourmand, kisha angalia kwenye ramani upi uko upande wa Saône chini ya kilima. Hiyo ni anwani inayojisahihisha yenyewe.

---

Saba_Kwa_Saba:

Nakubaliana na mkuu ila naongeza jina moja, maana mimi siajiriwi huko: Daniel et Denise, tawi la rue Tramassac, hatua chache kutoka kanisa kuu. Si wa kisasa kwa maana anayoitaka dada, ni wa vyakula vya kale, ila vimepikwa na watu wanaojua. Pâté yao (nyama iliyosagwa na kuokwa) ya ndani ya unga niliila na kunyamaza kidogo. Tatizo, kwa dada yetu, ni kwamba nguruwe kwenye menyu za namna hii ni kama chumvi, yupo kila mahali.

Halafu dada, Jumapili na Jumatatu sahau. Mikahawa midogo mingi inafunga, na inayobaki wazi ni ile ya bendera sita. Na ukipangiwa mafunzo mwanzoni mwa Desemba, karibu na tarehe 8, mji mzima unakuwa kwenye sikukuu ya taa. Vieux Lyon huwezi hata kugeuka, meza inawekwa nafasi mapema mno.

---

Mama_Darubini:

Asanteni sana, nimejifunza kuliko kwenye tovuti zote nilizosoma. Kaka Kisu, nasubiri la nguruwe na pombe. Na swali dogo: hiki "chakula cha kisasa" mnachopika huko ni kipi hasa? Nisije nikaletewa sahani kubwa yenye tone tatu na jani moja.

---

Kisu_na_Ubao:

Dada, zamu imeisha, sasa nina muda.

Nianze na hili la jani moja. Aina ya mkahawa unaotaka ina asili yake. Mwaka 1992 mpishi Yves Camdeborde, aliyetoka kwenye jikoni la hoteli kubwa ya Crillon ya Paris, alifungua mkahawa wake mdogo, La Régalade, pembezoni mwa jiji. Akapika kwa ufundi wa hoteli kubwa ila akaondoa vitambaa vyeupe, fedha za mezani na jeshi la wahudumu, na akanunua vipande ambavyo matajiri hawavitaki. Wengi wakamfuata. Ndicho tunachofanya mpaka leo: shavu la ng'ombe badala ya steki, samaki wa vibua badala ya turboti, mboga ya mizizi iliyookwa mpaka ikawa tamu kama asali, yai lililopikwa polepole kwa joto dogo hadi ute na kiini viwe laini sawasawa. Fedha imekwenda kwenye muda, haikwenda kwenye kiungo. Sahani si ndogo. Mchana hasa tunalisha watu wanaorudi kazini, wakitoka na njaa wanatuambia.

Na hapa Lyon jambo hilo halikuanza na wanaume wa Paris. Mji huu ulijengewa jina na akina mama wapishi, waliotoka kupika majumbani mwa matajiri wakafungua vyao. Eugénie Brazier mwaka 1933 alikuwa na nyota tatu kwenye kila mmoja wa mikahawa yake miwili, na ndiye aliyepitiwa na kijana Paul Bocuse akijifunza kazi. Nikisikia wapishi wa siku hizi wakijisifu kwamba wamevumbua urahisi, huwa nacheka ndani ya aproni.

Sasa suala lako. Nitasema ukweli kama ulivyo jikoni, kwa sababu mhudumu mwenye haraka anaweza kukujibu "hamna shida" bila kuuliza.

Pombe haiko kwenye sahani tu, iko kwenye msingi. Mchuzi wa nyama tunauanza siku moja kabla: mifupa inaokwa, sufuria linasafishwa kwa mvinyo, vinachemka usiku kucha. Shavu la ng'ombe linalala kwenye mvinyo mwekundu. Supu ya mifupa ya samaki, ambayo ndiyo roho ya michuzi karibu yote ya samaki, huanza na vitunguu na mvinyo mweupe. Hata ile jibini laini ya Lyon yenye majani na vitunguu, cervelle de canut, wengine wanaitia mvinyo kidogo. Kwa hiyo ukifika mezani ukasema "bila pombe", mimi siwezi kuitoa kwenye sufuria la jana. Ninachoweza ni kukunyima mchuzi, na utakula samaki mkavu unione mimi ni mpishi mbaya.

Nguruwe ni mjanja zaidi. Vipande vya bekoni kwenye saladi ya Lyon unaviona. Usichokiona ni mafuta yake yaliyokaangia viazi, utepe wake uliofunga mguu wa kuku, na jelatini ndani ya vitindamlo vya krimu.

Dawa ni kuandika mapema. Ukiweka nafasi mtandaoni kuna kisanduku cha maelezo. Watu wanaandika "siku ya kuzaliwa" au "karibu na dirisha". Wewe andika: *sans porc, sans gélatine, sans alcool, même dans les sauces*, yaani bila nguruwe, bila jelatini, bila pombe hata kwenye michuzi. Andika angalau siku mbili kabla. Nitakwambia kinachotokea: asubuhi saa mbili mpishi mkuu anasoma nafasi za siku hiyo kabla hatujawasha jiko. Akiona hayo, natenga sufuria dogo, natengeneza mchuzi wako kwa supu ya mboga, ndimu na siagi, dakika ishirini tu, na hakuna aliyeumia. Yuleyule mpishi ukimwambia saa saba na robo mchana, tiketi kumi na mbili za oda zikiwa zimening'inia mbele yake, atakujibu hapana, na nitamwelewa. Usiliandike kama ombi la aibu. Kwetu ni sawa na mzio wa karanga, ni taarifa ya kazi.

Chagua pia mkahawa wenye mlo wa mboga ulioandikwa kabisa kwenye ubao, si ule wa "tunaweza kukutengenezea saladi". Siku hizi ni mingi, na mpishi aliyefikiria mlo wa mboga amekwisha fikiria mchuzi usio na mifupa. Uulizie pombe tu. Nyama ya halali usitegemee kwenye mikahawa hii, labda waseme wenyewe. Kwa nyama Mzee_wa_Begi ana haki, Guillotière.

Kwa saa: mchana jikoni linafungua saa sita, na saa nane kamili linafunga. Si saa nane na dakika tano. Kutoka Gerland, kama uko karibu na kituo cha Debourg, panda metro B hadi Saxe-Gambetta, badilisha D, ushuke Vieux Lyon. Usishangae ukikaa mbele kabisa kwenye D, treni haina dereva.

---

Mzee_wa_Begi:

Kijana, umenifanya nitamani kurudi. Lakini Guillotière nitapita kwanza, kwa tahadhari.

---

Mama_Darubini:

Wakuu, nimefanya kama nilivyoelekezwa. Nimepitia ile orodha, nikapata mmoja upande wa Saint-Georges, ubao wao wa wiki hii una vianzio vitatu na milo mitatu, mmoja wa mboga. Sahani mbili yuro 23. Nimeweka nafasi ya Jumatano saa sita na nusu, nikaandika yale maneno kwenye kisanduku. Wamejibu usiku uleule kwa Kiingereza: mpishi anasema kianzio sawa, samaki atabadilisha mchuzi, ila kitindamlo kimoja kati ya viwili hakinifai, na wakanitaka nichague sasa ama kianzio ama kitindamlo. Vitindamlo ni panna cotta na tarti ya pralini. Nachagua nini?

---

Kisu_na_Ubao:

Panna cotta ndiyo yenye jelatini, hiyo ndiyo wanayokukataza. Tarti ya pralini ni lozi zilizopakwa sukari nyekundu zikayeyushwa kwenye krimu juu ya unga wa siagi. Tamu kupita kiasi, na ni ya hapa hapa Lyon, kila duka la mikate linaiuza.

Ndiyo maana nakwambia chukua kianzio na samaki kwa hao vijana. Kianzio ndicho mpishi anachojipimia, hukipati dukani. Tarti kanunue kipande kwenye duka la mikate ukishatoka, kwa bei ya kahawa mbili hivi, ukale ukielekea mtoni.

Na wajibu leo, usingoje Jumanne. Samaki anaagizwa jioni moja kabla, na wewe sasa umo kwenye hesabu yake.